Mbio za Kurudi Mwezini: Maswali Yanayoulizwa Sana Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu wa Mombasa aliyesikia redioni au barazani kwamba Marekani na China zinakimbizana kupeleka watu mwezini, na anataka kujua kazi yenyewe iko wapi. Picha za bendera ni nyingi mno. Lakini safari hii inaamuliwa na mambo matatu ambayo hayapigwi picha sana: namna ya kujaza mafuta, namna ya kutua wima, na ngao ya kurudia nyumbani. Humo ndimo tutakamokaa zaidi.

Kwani si walishafika? Mbona inasemwa "kurudi"?

Walifika. Kati ya Julai 1969 na Desemba 1972, Wamarekani 12 walitembea juu ya Mwezi katika safari sita za Apollo. Wa mwisho walikuwa Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17. Safari hizo sita zilileta kilo 382 za mawe na udongo, na vioo vilivyoachwa kule bado vinarudisha miali ya leza inayotumwa kutoka duniani. Setilaiti ya LRO, inayouzunguka Mwezi tangu 2009, imepiga picha za vyombo vilivyobaki, hata mapito ya miguu yao yanaonekana.

Kilichokatisha safari ni pesa. Kila safari ya Apollo ya kwenda mwezini ilitumia roketi nzima ya Saturn V, yenye urefu wa mita 110, na kilichorudi salama ni kijumba kidogo tu cha watu watatu. Bajeti ilipokatwa, viwanda vilifungwa na mafundi wakatawanyika. Ndiyo maana leo kazi haianzi pale ilipoachwa.

Nani hasa wanashindana?

Wenye mpango wa kushusha watu ni wawili: Marekani na washirika wake kwa mpango wa Artemis, na China. Upande wa Artemis, roketi ya SLS na chombo cha kubebea wanaanga, Orion, ni vya NASA, sehemu ya Orion inayotoa umeme, hewa na maji imetoka Ulaya, na vyombo vya kushukia vimepewa kampuni binafsi: SpaceX, yenye chombo kiitwacho Starship, mwaka 2021 kwa dola bilioni 2.89, na Blue Origin mwaka 2023 kwa dola bilioni 3.4. Wanaanga wa Artemis II, safari ya kuzunguka nyuma ya Mwezi bila kutua, ni Reid Wiseman, Victor Glover, Christina Koch na Jeremy Hansen wa Canada. Japani imeahidiwa nafasi mbili za kutua, nayo italeta gari lenye hewa ndani ambalo wanaanga wanaweza kuishi humo.

China imetangaza kutua kabla ya 2030. India imejiwekea 2040. Urusi ilirejea kwa roboti mwaka 2023 ikaangukia pua, kama tutakavyoona.

Nani atatangulia?

Tukiulizwa tunaona vipi, mpango wa China una viungo vichache vya kukatika. Roketi mbili za Long March 10 zinarushwa: moja imebeba Lanyue, chombo cha kushukia, na nyingine imebeba Mengzhou yenye watu. Vinakutana kwenye mzingo wa Mwezi, yaani njia ya kuuzunguka, wawili wanashuka, wanapanda, wanarudi nyumbani. Mwezi wa Juni 2025 Mengzhou ilifanyiwa jaribio la kuwaokoa wanaanga roketi ikiharibika ikiwa bado chini, na Agosti mwaka huohuo Lanyue ilijaribiwa kushuka na kupaa mkoani Hebei ikiwa imening'inizwa kwa kamba ili kuigiza uzito mdogo wa Mwezi. Isitoshe, roboti zake za Chang'e 3, 4, 5 na 6 zote zilitua salama. Chang'e 4 ilitua upande wa nyuma wa Mwezi Januari 2019, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua, na Chang'e 6 ikaleta gramu 1,935 za udongo kutoka upande huohuo mwaka 2024.

Mpango wa Marekani ni mkubwa zaidi na una sehemu nyingi zaidi ambazo hazijawahi kufanywa na mtu yeyote. Ukifaulu, utashusha mzigo ambao Lanyue haiwezi hata kuufikiria. Kutangulia kufika ni jambo moja, na kuweza kwenda kila mwaka ni jambo jingine. Huenda mbio hizi zikawa na washindi wawili.

Kwa nini Starship ijazwe mafuta angani? Si waijaze kabisa ikiwa chini?

Inajazwa chini hadi pomoni. Taabu ni kwamba karibu mafuta yake yote huishia katika kupanda tu hadi kwenye mzingo wa Dunia. Ikifika pale tangi li tupu, na Mwezi bado uko umbali wa kilomita 384,400, yaani kama kwenda Nairobi na kurudi mara 400. Basi Starship nyingine za kubeba mafuta zinarushwa moja baada ya moja, zinajishikiza nayo na kuijaza. Makadirio mengi yanataja safari kumi na zaidi za kujaza kwa kutua kumoja.

Ukitaka kuona ugumu uko wapi, fikiria meli ya mafuta ikishusha pale Kipevu. Meli imefungwa gatini, mabomba yameunganishwa, na mafuta yametulia chini ya tangi kwa uzito wake, kwa hiyo pampu inajua iyavute wapi. Kwenye mzingo hakuna chini. Mafuta yanaelea kwa mafumba ndani ya tangi, na mdomo wa bomba unaweza kuvuta gesi tupu. Dawa yake ni kuvisukuma vyombo vyote viwili polepole kwa injini ndogo ili mafuta yarudi upande mmoja, kisha kuyahamisha kwa tofauti ya msukumo wa gesi kati ya matangi.

La pili ni joto. Oksijeni hubaki kimiminika ikiwa chini ya nyuzi 183 hasi, na methani chini ya nyuzi 162 hasi. Jua likipiga tangi, vinachemka, na mvuke lazima uachiliwe la sivyo tangi litapasuka. Kila siku ya kungoja ni mafuta yanayopotea. Kwa hiyo Starship za mafuta zikichelewa kwa hali ya hewa au hitilafu, mafuta yaliyotangulia kufika yanazidi kupotea. Hapa ndipo tunapoona kiungo dhaifu kuliko vyote katika upande wa Marekani, na ndipo pa kuelekeza macho.

Artemis I ilikwama mara ngapi, na tatizo lilikuwa nini?

Artemis I ilikuwa safari ya majaribio ya SLS na Orion, bila watu. Tarehe 29 Agosti 2022 ilisimamishwa kwa sababu kipima-joto kilionyesha injini moja haijapoa vya kutosha. Tarehe 3 Septemba ilisimamishwa kwa kuvuja hidrojeni. Kisha kimbunga Ian kikailazimisha irudishwe bandani. Iliruka tarehe 16 Novemba.

Kuvuja kule kunaeleweka vizuri na mtu yeyote aliyewahi kufunga mtungi wa gesi jikoni. Unajua mpira ulio kwenye regyuleta: ukichakaa au ukikaa upande, gesi inapita, na unaijua kwa kupaka povu la sabuni. Kwenye SLS, kiungo hicho kipo kati ya mnara na roketi, kwenye bomba lenye upana wa sentimita 20 hivi linalopaswa kuchomoka lenyewe roketi inapoanza kupanda. Kwa hiyo hakiwezi kukazwa kwa boliti kama mabomba mengine. Hidrojeni iliyomo ina nyuzi 253 hasi: chuma kinasinyaa, mpira unakuwa mgumu kama kioo, na kila kimoja kinasinyaa kwa kiasi chake. Nayo molekuli ya hidrojeni ndiyo ndogo kuliko zote, hupenya mwanya ambao maji au gesi ya kupikia isingeuona. Sheria ya NASA wakati ule ilikuwa kusimamisha kazi kiwango cha hidrojeni kikizidi asilimia 4 katika eneo linalozunguka kiungo, maana kuanzia hapo hewa inaweza kushika moto.

Walibadilisha sili, wakapunguza kasi ya kujaza ili baridi iingie taratibu, na hata usiku wa kuruka mafundi walitumwa chini ya roketi iliyojaa mafuta kukaza boliti za valvu iliyokuwa ikivuja. Tangi la hidrojeni la roketi hiyo hubeba lita milioni 2 hivi, na la oksijeni lita 740,000 hivi.

Vyombo vingi vinaanguka au kupinduka mwezini. Kwa nini, ilhali walitua tangu 1969?

Mwezi hauna hewa, basi parachuti haifai kitu. Chombo kinashuka kutoka kasi ya karibu kilomita 6,000 kwa saa hadi sifuri kwa injini peke yake, na injini lazima ijue wakati wote iko juu kiasi gani. Wanaanga wa Apollo walikuwa na macho yao dirishani. Neil Armstrong aliona mawe akasogeza chombo mbele. Roboti inategemea vipimo. Tena mawimbi ya redio hutumia sekunde 1.3 kufika na nyingine 1.3 kurudi, kwa hiyo hakuna wa kuishika usukani kutoka duniani.

Ukizipanga ajali za miaka ya karibuni, utaona nyingi zinarudi palepale kwenye kipimo cha urefu au kwenye injini. Hakuto-R ya Japani, Aprili 2023, ilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa. Ardhi iliyo chini yake iliposhuka ghafla kwa kilomita 3, kompyuta ikaamini kwamba kipimo ndicho kibovu, ikakipuuza, ikaelea juu hadi mafuta yakaisha. Luna 25 ya Urusi, Agosti mwaka huohuo, iliwasha injini sekunde 127 badala ya 84, ikashuka moja kwa moja hadi kugonga. SLIM ya Japani, Januari 2024, ilitua karibu sana na alama yake lakini ilipoteza mdomo wa injini moja kati ya mbili ikiwa mita 50 hivi juu, ikamalizia kichwa chini. Odysseus ya Marekani, Februari 2024, ilirushwa huku swichi ya usalama ya leza zake haijafunguliwa. Iligundulika ikiwa tayari kwenye mzingo wa Mwezi, ikashuka na mwendo wa pembeni, mguu ukavunjika, ikalala. Ndugu yake Athena, Machi 2025, ililala ubavu ndani ya shimo karibu na ncha ya kusini, mahali ambapo jua li chini sana na vivuli virefu viliivuruga mitambo ya kuona.

Waliofaulu nao wana la kufundisha. Chombo cha kutua cha Chandrayaan-2 ya India kilianguka Septemba 2019. Wahandisi hawakubadilisha kila kitu: waliimarisha miguu, wakaongeza mafuta, wakapanua eneo linaloruhusiwa kutua, na wakaandika programu inayovumilia hitilafu nyingi zaidi. Tarehe 23 Agosti 2023 Chandrayaan-3 ikasimama wima kwenye latitudo ya nyuzi 69 kusini. Blue Ghost ya kampuni ya Firefly nayo ilitua wima Machi 2, 2025, kwenye uwanda tambarare uliochaguliwa kwa makusudi.

Sasa rudi kwenye Starship. Yenye kutua mwezini ina urefu wa mita 50 hivi, sawa na jengo la ghorofa zaidi ya kumi lililosimamishwa juu ya udongo laini wenye mteremko. Wanaanga watashuka kwa lifti. Ndiyo maana NASA inataka itue na kupaa bila watu kwanza, na tunakubaliana nao kabisa.

Kwa nini wote wanataka ncha ya kusini? Si wangetua kwenye uwanda walikotua Apollo?

Barafu. Ekseli ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 1.5 tu, kwa hiyo huko nchani jua huzunguka upeoni bila kupanda. Ndani ya mashimo kama Shackleton, lenye upana wa kilomita 21 na kina cha kilomita 4, mwanga haujaingia kwa muda mrefu sana, na katika baadhi yake baridi huzidi nyuzi 200 hasi. Maji yaliyofika hapo yaliganda yakabaki. Oktoba 2009 NASA iliangusha kipande cha roketi kwenye shimo la Cabeus na katika vumbi lililoruka wakapima maji kiasi cha asilimia 5 hivi ya uzito.

Maji ni ya kunywa, na yakipasuliwa kwa umeme ni oksijeni ya kupumua na hidrojeni ya kuchoma. Juu ya kingo za mashimo hayohayo kuna vilele vinavyopata jua sehemu kubwa ya mwaka, na hilo ni kubwa, maana kwingineko usiku wa Mwezi hudumu siku 14 za hapa na betri hufa kwa baridi. Chuma cha kuchimbia barafu hiyo, lakini, hakijatengenezwa bado kikathibitika. Anayekuambia biashara ya maji ya Mwezi iko karibu, mwulize mashine iko wapi.

Naweza kuiona ncha ya kusini ya Mwezi nikiwa Mombasa?

Ukingo wake, ndiyo, na huhitaji chombo cha gharama. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50 inatosha: 10 ni ukuzaji, 50 ni upana wa kioo kwa milimita.

Kwanza ujue ncha iko upande gani, maana hapa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na Mwezi hupita karibu na utosi, basi picha za vitabu vya Ulaya zitakupoteza. Mwezi ukichomoza baharini, ukiutazama kutoka Mama Ngina au ufuo wa Nyali, kusini yake iko mkono wako wa kulia. Ukizama upande wa bara, kusini yake iko kushoto. Ndiyo sababu hiyohiyo mwezi mchanga wa kwetu hulala kama mtumbwi.

Kisha tafuta Tycho. Mwezi ukiwa mpevu, ni doa jeupe ambalo mistari myeupe inatawanyika kutoka kwake kama nyuzi za gurudumu. Kutoka Tycho nenda upande wa kusini hadi ukingoni. Ncha iko hapo. Kwa kuona mashimo yenyewe, mwezi mpevu haufai, kwa sababu jua linapiga usoni na vivuli vimekufa. Nenda usiku wa 8 hadi wa 10 tangu mwezi kuandama. Wakati huo mpaka wa nuru na giza unapita karibu na Tycho na Clavius, shimo lenye upana wa kilomita 225, na kila ukingo una kivuli chake cheusi. Utaelewa kwa jicho lako kwa nini Athena ilipotea.

Unyevu wa pwani ndio adui. Darubini ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, vioo vinafunga ukungu papo hapo. Iache ndani ya mkoba wake nusu saa nje kabla ya kuifungua. Usifute kioo kwa shati wala kanga: upepo wa bahari umeacha chembe za chumvi, nazo zinachora. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, ndipo upitishe kitambaa cha miwani. Ukimaliza, ihifadhi kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya. Darubini iliyoachwa kabatini msimu mzima wa masika huota kuvu ndani ya vioo, na kuvu hilo likishakula rangi ya kioo halitoki. Mikono ikitetemeka, keti, weka viwiko juu ya ukuta wa baraza.

Kwa darubini kubwa, nitaziona bendera na vyombo vya Apollo?

Hapana. Kitako cha chombo cha Apollo kina upana wa mita 4 hivi. Darubini ya kioo cha milimita 150, usiku hewa ikitulia, inatofautisha vitu vya kilomita 2 hivi. Hata Hubble huko juu haifiki chini ya mita 90 hivi kwa umbali huo.

Mwezi ukiandama kwetu, aliye mwezini anaona nini?

Anaona Dunia karibu mpevu, yenye upana karibu mara nne ya Mwezi tunaouona. Hiyo ndiyo sababu ule mwezi mwembamba wa siku ya pili au ya tatu huonekana na mduara wake wote ndani, kwa mwanga hafifu wa kijivu. Mwanga huo umetoka kwetu: jua limepiga bahari na mawingu ya Dunia, ukaenda mwezini, ukarudi machoni pako. Utazame jioni, upande wa bara, kama nusu saa baada ya magharibi.

Kwa aliye ncha ya kusini kuna jambo la ziada. Dunia kwake huelea upeoni, wiki mbili iko juu kidogo, wiki mbili imezama nyuma ya milima. Ikizama, redio haifiki. China ililiona hilo mapema ikarusha setilaiti ya kupokezana mawasiliano, Queqiao-2, Machi 2024.

Kushusha mizigo mizito kule kutaharibu bamvua na maji mafu huku?

Hakutabadilisha hata unywele. Mwezi una tani bilioni bilioni 73 na zaidi. Roketi elfu moja ni punje ya mchanga ufuoni. Bamvua itaendelea kuja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu, na maji yatachelewa kama dakika 50 kila siku kama kawaida.

Vumbi la mwezini linatishia nini? Si mchanga tu?

Mchanga wa Nyali umesuguliwa na mawimbi hadi ukawa mviringo. Mwezini hakuna maji wala upepo wa kusugua. Kila chembe ni kigae cha kioo kilichovunjika kwa vimondo, tena ina umeme tuli, hung'ang'ania nguo. Baada ya siku tatu za kazi, viungo vya suti za Apollo 17 vilikuwa vizito kugeuka, na Schmitt alipata mafua ya vumbi ndani ya chombo.

Moto wa injini nao hurusha vumbi hilo kwa kasi ya risasi. Apollo 12 ilitua Novemba 1969 mita 160 hivi kutoka kwa roboti ya zamani, Surveyor 3. Vipande walivyovirudisha vilionekana vimekwaruzwa upande uliotazama injini. Fikiria basi kambi yenye paneli za sola na chombo cha tani nyingi kinachotua jirani. Pedi za kutulia, au kuta za udongo, zitahitajika mapema kuliko nyumba.

Ngao ya Orion ilikuwa na kasoro gani?

Orion hurudi kwa kilomita 40,000 hivi kwa saa, na ngao yake, yenye upana wa mita 5, hufikia nyuzi 2,760 hivi. Imetengenezwa kwa Avcoat, kitu kinachoungua polepole kwa makusudi na kuondoka na joto. Desemba 2022, ngao ya Artemis I ilikutwa imebanduka vipande katika sehemu zaidi ya 100.

Chanzo kilitangazwa baada ya miaka miwili. Orion iliingia hewani, ikaruka juu kidogo kama jiwe linaloruka majini, kisha ikaingia tena. Katika ule mruko joto la nje lilipungua, lakini ndani ya Avcoat gesi ziliendelea kuzalika. Tabaka la juu halikuwa na vitundu vya kutosha vya kuzitoa, zikabanwa, likapasuka. Kwa Artemis II ngao ilibaki ileile na kilichobadilishwa ni njia ya kuingia hewani, ili kipindi hicho kiwe kifupi. Ndani ya chombo cha Artemis I halijoto ilikaa sawa, jambo lililowatuliza wahandisi.

Malindi iko karibu na ikweta. Kwa nini wasirushe kutoka huko?

Swali zuri, kwa kuwa zilisharushwa. Jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini kaskazini mwa Malindi, lilirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka hapo setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya nchi. Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi.

SLS hupeleka tani 27 mwezini. Karibu na ikweta Dunia inakusukuma kwa kilomita 1,670 kwa saa, na Florida kwa 1,470. Faida ni kilomita 200, ilhali mzingo unadai 28,000. Bila kiwanda cha hidrojeni, gati la kupokea vipande vya roketi na banda la kuviunganishia, faida hiyo haijalipa. Kwa roketi ndogo hesabu ni nyingine, na bahari iliyo wazi upande wa mashariki bado ni mali.

Mwezi ni wa nani? Mbona kuna viwanja vinauzwa mtandaoni?

Usinunue. Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi, na asiyemiliki hawezi kukuuzia. Kinachobishaniwa ni kama mtu anaweza kumiliki barafu aliyokwisha kuichimba. Makubaliano ya Artemis ya 2020 yanasema inawezekana. Rwanda na Nigeria ziliyasaini mwaka 2022, Angola ikafuata. Afrika Kusini na Misri zimejiunga na kituo kinachopangwa na China na Urusi. Bara letu, basi, lina miguu pande zote mbili, na si vibaya.

Tarehe husogezwa kila mwaka. Nitajuaje ipi ni ya kweli?

Mwaka 2019 Marekani ilisema 2024. Ikawa 2025, kisha 2026, na Desemba 2024 ikasogezwa hadi katikati ya 2027, na haikuishia hapo. Usihangaike na tarehe, uliza majaribio. Je, Starship mbili zimeshahamishiana mafuta kwenye mzingo? Je, chombo cha kutua kimeshatua na kupaa mwezini bila watu? Je, suti mpya zimeshavaliwa ndani ya chumba kisicho na hewa? Kwa China: je, Long March 10 imeshabeba Mengzhou hadi kwenye mzingo? Je, Lanyue imeshafika mwezini yenyewe? Likikosekana moja, ongeza mwaka.

Kwa wiki ya kurushwa, kipimo ni mazoezi ya kujaza mafuta. Yakifika sekunde za mwisho bila kuvuja, andaa chai.

Ni saa ngapi kwetu?

Florida ina saa mbili tofauti kwa mwaka. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, ongeza saa 7 kupata ya Mombasa. Miezi mingine ongeza 8. Artemis I iliruka saa saba na dakika 47 usiku wa Florida, tarehe 16 Novemba. Hapa ilikuwa saa tatu na dakika 47 asubuhi. Kwa Wenchang, kituo cha China kisiwani Hainan, toa saa 5 mwaka mzima. Nafasi ya kurusha huweza kudumu saa mbili, na hesabu husimamishwa mara nyingi katikati, kwa hiyo jaza simu chaji kabla, na usiondoke wakisema wamesimamisha kwa muda.